Je, Wajua? Ndege za Vita katika Nyika ya Taita

Je, wajua kwamba reli inayopita Mwatate kwenda Taveta ilizaliwa na vita? Wajerumani waliiteka Taveta tarehe 15 Agosti 1914. Mwanzoni mwa 1915 mafundi wa jeshi kutoka India wakaanza kutandaza reli kutoka Voi. Ikapita Mwatate na Bura, na kufikia Juni mwaka huo ilikuwa Maktau. Mabomu, mafuta na vipuri vya ndege vilipita hapo hapo.

Na maji? Nyika ya Maktau ni kavu, jeshi zima lingekufa kiu. Yaliteremshwa kwa bomba kutoka milima ya Bura. Kwa hiyo maji ya Wataita yalikuwa silaha kubwa kuliko mizinga mingi.

Je, wajua kwamba marubani wa kwanza kurusha ndege za vita Maktau walikuwa wanamaji? Tarehe 11 Julai 1915 rubani J. T. Cull na mwenzake H. J. Arnold waliruka juu ya delta ya Rufiji, wakiwaelekeza wapiga mizinga waliokuwa wakiishambulia manowari ya Kijerumani Königsberg. Ndege yao ilipigwa, lakini hata walipokuwa wakishuka waliendelea kutuma maelekezo kwa redio. Walianguka majini, wakaokolewa, na manowari ikaangamia siku hiyo. Kazi ilipokwisha Rufiji, Cull alipelekwa Maktau na ndege chache aina ya Caudron, kuwachungulia Wajerumani mpakani.

Je, wajua Wajerumani wa Afrika Mashariki walikuwa na ndege ngapi? Moja. Ililetwa Dar es Salaam na rubani Bruno Büchner kwa maonyesho ya Agosti 1914, vita vikaikuta huko, na haikudumu. Anga la Taita lilikuwa la Waingereza watupu.

Kikosi hasa cha ndege hizo za Waingereza kilikuwa Kikosi cha 26. Kiliundwa Uingereza mnamo Oktoba 1915, kikiwa na Waafrika Kusini waliokwisha kupigana Namibia, na kiliteremka Mombasa tarehe 31 Januari 1916. Kambi yake ikawa Mbuyuni, mbele kidogo ya Maktau. Ndege zake za kwanza zilikuwa BE2c za mbao na kitambaa, zenye injini ya nguvu za farasi 90 hivi. Jua la nyika hupinda mbao, na hewa ya joto ni nyepesi, hivyo mabawa hayapati cha kuyabeba. Rubani aliyebeba mabomu mara nyingi alilazimika kumwacha mtazamaji wake chini ili ndege iweze kupanda. Baadaye zikaja Henri Farman zenye kiunzi cha chuma, zikastahimili zaidi.

Je, wajua jinsi mlima Salaita ulivyowadanganya waliotazama kutoka juu? Kilima hicho kiko kati ya Mbuyuni na Taveta. Taarifa za kijeshi zilisema Wajerumani hapo ni kama 300, na mahandaki yao yalionekana kileleni. Tarehe 12 Februari 1916 mizinga ikakipiga kilele hicho kwa bidii. Kumbe mahandaki ya kileleni yalikuwa ya kughilibu! Askari wenyewe, zaidi ya 1,000, walikuwa wamejificha chini ya mlima, kwenye vichaka, na bunduki za rashasha. Waafrika Kusini waliosonga mbele walipoteza watu zaidi ya 130 kwa siku moja, wakiwemo waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Hapo ndipo jeshi lilipojifunza kwamba ndege huona kile ambacho adui amekubali kionekane. Naona hilo ndilo funzo kubwa kuliko yote ya vita vya anga Taita, na limesahauliwa mno. Mwezi mmoja baadaye Wajerumani waliondoka Salaita wenyewe, walipoona Jenerali Smuts, kamanda wa Waingereza, anawazunguka, na Taveta ikarudi mikononi mwa Waingereza.

Mabomu nayo? Mengi yalikuwa ya kilo 9 tu. Jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilitembea chini ya miti, likajificha, na bomu la ukubwa huo likatua kwenye miiba. Kazi kubwa ya ndege ilibaki kutafuta: wapi moshi, wapi njia mpya, wapi daraja limevunjwa. Malaria iliwaangusha marubani wengi kuliko risasi.

Je, wajua kwamba Leo Walmsley, mwandishi wa riwaya za wavuvi wa Yorkshire, alikuwa mtazamaji wa kikosi hiki? Kenneth van der Spuy, baadaye meja jenerali wa Afrika Kusini, naye alikitumikia. Nembo ya kikosi hadi kilipovunjwa ilikuwa kichwa cha swala wa Afrika Kusini, na wito wake uliandikwa kwa Kiafrikaans.



Lakini waliolipa bei kubwa hawakuwa angani. Agosti 1915 serikali ya kikoloni iliwatuhumu watu wa Kasigau kuwasaidia Wajerumani, ikawahamisha kwa nguvu hadi Malindi, na wengi walifia huko. Wengine wakachukuliwa kuwa wapagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kubeba mizigo ya vita kusikofika reli. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi bila kaburi lenye jina. Afisa Wilbur Dartnell, aliyekataa kuwaacha majeruhi karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915, ana kaburi lake Voi, na askari Wahindi wana makaburi yao Maktau. Ni haki yao. Wapagazi nao wanastahili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Mwatate, Bura au Kasigau: ikiwa kwenu kuna mzee aliyesimuliwa na babu yake habari za Malindi, za reli au za ndege, kaa naye wiki hii, uandike jina la babu huyo na ya kwake yote, kisha uipelekee shule ya karibu nakala.