Mama Wawili Ndani ya Fuvu

Daktari wa upasuaji akishalifungua fuvu, hakutani na ubongo moja kwa moja. Kwanza hupambana na utando mnene, mgumu, ambao vitabu vya anatomia huuita dura mater, yaani "mama mgumu". Chini kabisa, ukiwa umeushika ubongo wenyewe, kuna utando mwembamba mno uitwao pia mater, "mama mcha Mungu". Homa ya uti wa mgongo hushambulia tando hizi.

Majina ni ya Kilatini, ila hayakutoka kwa Warumi. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, alisema tu kuwa utando mmoja ni mnene na mwingine mwembamba. Mama hakuwemo.

Mama aliingia kwa lugha ya Kiarabu. Katika karne ya 9 Hunayn ibn Ishaq na wenzake walifasiri vitabu vya Galen mjini Baghdad, na Waarabu walikuwa na neno lao kwa utando unaofunika ubongo: umm al-dimagh, mama wa ubongo. Sheria ya Kiislamu inalijua jeraha la ma'muma, lile linalofika kwenye utando huo, na fidia yake ni theluthi ya diya, yaani fidia kamili ya uhai wa mtu. Umm hutumiwa pia kwa kitu kilicho asili ya vingine au kinachovikusanya. Ndiyo maana sura ya Al-Fatiha huitwa Ummul Kitab, na Makka huitwa Ummul Qura.

Karne iliyofuata, tabibu Mwajemi Ali ibn al-Abbas al-Majusi aliandika kitabu kikubwa cha tiba, Kitab al-Malaki. Mwaka 1127 Stephen wa Antiokia alikifasiri kwa Kilatini, na majina ya tando hizi kwa kawaida hunasibishwa na kazi hiyo. Umm ikawa mater. Jafiya, ngumu, ikawa dura. Lakini raqiqa, yenye maana ya nyembamba au laini, ikawa pia, neno la Kilatini la huruma na uchaji. Wembamba wenyewe ukapotea njiani.

Hadi leo madaktari duniani kote hutumia majina hayo. Hata sindano ya epidurali, inayowapunguzia uchungu wanawake wanaojifungua, imepata jina lake humo: dawa huingizwa nje ya dura, ambayo huendelea kushuka hadi kwenye uti wa mgongo. Katika jina hilo fupi mater imeachwa, limebaki neno "ngumu" peke yake.