Mama Aliyeondolewa kwenye Filme Yake

Wengine wenu mmeona ile filme ya michoro juu ya Musa, The Prince of Egypt, ya mwaka 1998. Brenda Chapman, mama wa Marekani, alikuwa mmoja wa watu watatu walioiongoza.

Baadaye, katika kampuni ya Pixar, akatunga Brave, hadithi ya mama na binti wasiosikilizana. Aliitoa katika maisha yake na binti yake mwenyewe. Lakini mwaka 2010, kazi ingali katikati, wakubwa wakamwondoa, nafasi akapewa Mark Andrews. Kapita akibadilishwa, kesho watu wamemsahau. Lakini hadithi iliyotoka moyoni mwa mama?

Mwaka 2012 filme ikatoka, naye akaiacha Pixar. Akaandika katika New York Times kwamba aliumia sana, na kwamba wakati mwingine wazo la mwanamke hukataliwa, kisha mwanaume akilisema lile lile, wote wanalipokea. (Baba wazee, hata katika mikutano yetu ya kanisa!)

Jina lake halikufutwa. Februari 2013 Brave ikapata Oscar, akapanda jukwaani pamoja na Andrews, akamshukuru binti yake.