Tiba shufaa: lipi kweli, lipi uvumi?

Daktari akimwambia mgonjwa wa saratani kutoka Bahi au Kongwa, mkoani Dodoma, kwamba sasa ataanza tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso ya ugonjwa, ndugu zake hushtuka. Kwao, hospitali imenyoosha mikono. Hofu hiyo imezaa maneno mengi, na mengine husemwa hata na watumishi wa afya. Tuyapime.

"Ni huduma ya anayekata roho."
Si kweli. Tangu 2002 Shirika la Afya Duniani linasema ianze mapema, sambamba na matibabu ya ugonjwa wenyewe. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, anaweza kupata mionzi huku akitulizwa maumivu na kusaidiwa kupanga nani atawatunza wanawe. Wenye ugonjwa wa moyo, figo zilizoshindwa kazi au selimundu nao inawahusu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2010 ulifuatilia wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Nusu ya walioanza tiba shufaa mapema waliishi zaidi ya miezi 11.6; kwa wenzao waliopata matibabu ya kawaida pekee, ilikuwa miezi 8.9.

"Mofini huua, na asiyekufa anageuka teja."
Si kweli, na uvumi huu ndio unaowatesa watu kuliko mwingine wowote. Mofini ya maji huanza kwa dozi ndogo, hunywewa kila baada ya saa nne, na hupandishwa kadiri maumivu yanavyodai. Haingojwi mpaka maumivu yarudi. Hunywewa ili yasirudi. Ikiandikwa na aliyefunzwa, akaifuatilia, ni dawa salama. Mwili huizoea, ndiyo maana haikatizwi ghafla, lakini teja ni mtu anayeitamani dawa hata inapomharibia maisha, na huyo ni nadra sana miongoni mwa wanaotibiwa maumivu ya saratani. Kichefuchefu na usingizi wa siku za mwanzo kwa kawaida hupungua. Choo kigumu hakipungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo iandikwe siku ileile. Mgonjwa asiyepewa ataiacha mofini na kurudi kwenye maumivu yake.

Jirani zetu walilithibitisha hili zamani. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akatumia unga wa mofini uliochanganywa na maji, na wagonjwa wakapata nafuu majumbani mwao. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi na matabibu wenye mafunzo maalumu kuandika mofini.

"Lazima aende Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam."
Nusu kweli. Kuna matibabu ya saratani yanayohitaji taasisi kubwa. Lakini kumsafirisha mtu kilomita 450 hivi kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam kwa ajili ya kutuliza maumivu tu ni kumwongezea mateso. Hospitali ya Selian, Arusha, imekuwa ikiwafuata wagonjwa makwao tangu 1999, na Muheza, Tanga, nako kazi hiyo imefanyika. Katika vijiji vya Ugogo, ambako makorongo hukata njia masika, muuguzi wa zahanati aliyefunzwa vizuri ndiye tegemeo.

"Mzee wetu havunjiki moyo, haumwi sana."
Msimkisie. Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika kina kipimo ambacho mgonjwa anaweza kukijibu kwa mkono: ngumi ni sifuri, vidole vitano ni maumivu yaliyopindukia. Hata asiyejua kusoma atawajibu.

"Semina moja inawatosha watumishi."
Si kweli, na hapa ndipo ningependa viongozi wa hospitali wasikilize. Dodoma haikosi vyuo: Chuo Kikuu cha Dodoma na cha Mtakatifu Yohana, vyote vya 2007, vinafundisha wauguzi. Lakini cheti kisichofuatiliwa wodini husahaulika. Watumishi wetu wanaijua 5S-Kaizen, mbinu ya Kijapani ya kuboresha kazi hatua kwa hatua, ambayo hapa nchini ilianzia Mbeya mwaka huohuo wa 2007. Bidii ile ya kupanga stoo na mafaili ielekezwe kwenye maumivu. Chukueni mafaili ya mwezi uliopita. Wangapi waliandikiwa kiwango cha maumivu? Wangapi kati yao walipewa dawa? Wangapi walipimwa tena baada ya kuinywa? Huenda mkakuta dawa ipo, ila kabati lina ufunguo mmoja na mwenye nao huondoka jioni. Rekebisheni hilo moja, mhesabu tena mwezi ujao, kisha mwende kwenye kikwazo kinachofuata.

Duniani, kati ya watu wapatao milioni 56.8 wanaohitaji tiba shufaa kila mwaka, ni kama asilimia 14 tu wanaoipata. Nawe unayemuuguza ndugu, usione aibu kumuuliza nesi: maumivu yake mmeyapima? Mmeyaandika? Mtayapima tena saa ngapi?