Saa ya kweli katika kompyuta zetu

Yatokea kwamba kompyuta mbili katika nyumba moja ya misioni zaonyesha saa mbalimbali. Sababu yake ni nini?

Jua ni moja, lakini halipandi po pote kwa wakati mmoja, kwani dunia yageuka digrii 15 kila saa. Inchi yetu ya Kongo ni pana, basi ina saa mbili. Kinshasa na magharibi hutangulia saa ya dunia nzima, iitwayo UTC, kwa saa 1. Maniema na mashariki kwa saa 2. Ikiwa Kinshasa ni saa 9:00, Kabambare ni saa 10:00.

Kompyuta huhesabu kwa UTC, kisha huongeza tofauti ya mahali tulipochagua. Mtu anayesukuma saa kwa mkono bila kusahihisha mahali amefunika kosa tu: macho yake yaona saa ya haki, lakini barua yake yafika ng’ambo na saa ya uwongo.

Basi tufanyeje?

Katika Windows, fungua «Heure et langue», halafu «Fuseau horaire», uchague «(UTC+02:00) Harare, Pretoria». Jina la Maniema halimo, lakini saa ni ileile. Katika Mac, fungua «Date et heure», uchague mji wa Lubumbashi. Katika Linux, andika: timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi.

Tena, mashini moja ikiwa na Windows na Linux pamoja, saa yaweza kupotea kwa saa 2 kila unapobadili. Windows huandika saa ya hapa katika saa ndogo ya betri. Linux huandika UTC. Ili Linux ifuate desturi ya Windows, andika: timedatectl set-local-rtc 1.

Jihadharini hasa na mashini iliyotoka Ubelgiji, ingali na saa ya Bruxelles. Tangu mwisho wa Machi saa ile ni sawa na yetu, hata hakuna anayeshuku. Lakini usiku wa kuamkia Dominika ya mwisho ya Oktoba yarudi nyuma saa 1. Katekista anayeitegemea atapiga kengele ya Misa saa nzima baadaye, na watu wamekwisha kungoja mlangoni.

Kwa hiyo, ndugu, kwanza mahali, ndipo saa.