Usingizi Ukikatika Kabla ya Jogoo

Labda jambo hili limekupata. Umelala tangu saa tatu, na ghafula saa tisa ya usiku macho yamefunguka. Huko Fizi, juu mlimani, baridi inapita chini ya mlango. Huko Baraka, kando ya ziwa, joto halijatoka ndani ya nyumba. Wote nyumbani wamelala. Wewe peke yako unahesabu karo ya watoto, deni la duka, na maneno ya shemeji. Jogoo bado. Ufanye nini?

Kwanza ujue kwamba kuamka saa hiyo si ugonjwa kwa kila mtu. Usingizi huja kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90. Mwanzo wa usiku ni mzito, na kuelekea asubuhi unakuwa mwepesi. Kati ya mzunguko na mzunguko mtu huamka kidogo, akalala tena bila kukumbuka. Lakini ukiwa na shaka moyoni, ule mlango mdogo hufunguka wote. Tena katika nchi hii wengi wana sababu. Vita vya 1964, vya 1996 na vya 1998 vilipita katika vijiji vya Fizi, na watu wengi walivuka ziwa kukimbilia Kigoma. Aliyeamshwa na risasi kabla ya mapambazuko, mwili wake waweza kuikumbuka saa ile hata baada ya miaka mingi. Huo si woga, wala hakuna aliyemroga.

Wengi hushindana na usingizi. Mtu anageuka ubavu huu na ubavu huu, anatazama saa, anakasirika. Basi kitanda kinakuwa mahali pa mapigano, na kesho mwili ukikiona unakumbuka mapigano. Mwaka 1972 mtaalamu mmoja wa Marekani, Richard Bootzin, alieleza njia nyingine, nayo inatumika hata leo. Ukikaa macho kama dakika 20, ondoka kitandani. (Usitazame saa, kadiria tu.) Keti mahali pengine, fanya jambo la utulivu katika mwanga mdogo, nawe urudi usingizi ukija. Asubuhi uamke saa ile ile ya siku zote, hata kama umelala kidogo. Hapo ndipo kitabu cha hadithi kinapofaa. Akili ikifuata safari ya mtu mwingine, haiwezi wakati ule ule kubeba deni la duka.

Simu haifai. Wewe uliyekaa Baraka umeziona taa za wavuvi ziwani usiku usio na mwezi. Wanazishusha karibu na maji, na ndagala wanapanda kutoka kilindini, wakidhani kumekucha. Mwanga mkali mbele ya macho hufanya vivyo hivyo na mwili wako: unauambia kwamba mchana umefika. Na simu huleta pia habari za vita na ugomvi wa jamaa, ambavyo vingeweza kungoja asubuhi.

Wengine huuliza: Mkristo akiamka usiku, si afadhali asome Biblia kuliko riwaya? Asome, kama moyo wake unapata raha humo. Lakini mkumbuke Mfalme Ahasuero, katika kitabu cha Esta, sura ya 6. Alikosa usingizi, akaagiza asomewe kitabu cha kumbukumbu za ufalme. Kitabu hicho kilikuwa cha kazi yake, na matokeo yake hayakuwa usingizi: mara alikuwa akiuliza ni nani yuko uani, na kutoa amri. Kwa Mordekai ilikuwa heri. Lakini mzee wa kanisa anayefungua Maandiko saa tisa ili atayarishe fundisho la Jumapili, huyo yuko kazini, wala hatalala. Na hadithi za kutunga si dhambi kwa kuwa zimetungwa. John Bunyan, aliyefungwa gerezani Bedford kwa ajili ya kuhubiri, alitoa mwaka 1678 kitabu tunachokiita Safari ya Msafiri. Safari ile ni ya kutungwa, tena imesimuliwa kama ndoto ya mtu aliyelala!

Si kila riwaya inafaa saa hiyo. Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichotoka 1960, ni kitabu kizuri sana, lakini ukisome mchana. Bwana Msa anatafuta muuaji, na wewe hutakubali kulala kabla hajampata. Afadhali Kusadikika cha Shaaban Robert, cha 1951. Humo Karama anasimama mbele ya baraza na kueleza habari za wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine. Habari ya mjumbe mmoja yatosha kwa usiku mmoja. Tena Kiswahili chake kinakwenda polepole, kama mtu anayetembea na mzee. Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 2022, inafuata msafara wa biashara kutoka pwani mpaka bara. Lakini ni habari ya mtoto aliyetolewa kwa ajili ya deni. Kama wewe au mtoto wako aliwahi kuchukuliwa na watu wenye nguvu, usikifungue usiku. Kitabu ulichokwisha kukisoma mara mbili ndicho kinachofaa kuliko vyote, maana mwisho wake haukusumbui.

Sasa, taa. Usisome kamwe kwa mshumaa au taa ya mafuta ndani ya chandarua, wala karibu nacho. Chandarua hushika moto upesi sana, na aliye ndani hana pa kutokea. Taa ndogo ya jua ni bora. Iweke nyuma ya bega, imulike kitabu, isimulike macho. Kama umepita miaka 40 na unasogeza kitabu mbali ndipo uone herufi, usiongeze mwanga: unahitaji miwani ya kusomea.

Usinunue vidonge vya usingizi sokoni. Mwili huvizoea, na siku ukiviacha usingizi unakimbia kuliko kwanza. Lotoko na kasiksi hulaza mtu upesi, kisha humwamsha saa hiyo hiyo tunayoisema.

Lakini kuna kuamka ambako hakutibiwi na kitabu. Ukiamka kwa kikohozi cha wiki mbili au zaidi, na nguo zimelowa jasho. Au kwa kukojoa mara nyingi na kiu isiyokwisha. Au ukiwa tangu wiki mbili unaamka kabla ya wakati, chakula hakina ladha, watoto hawakufurahishi, na unawaza kwamba heri ufe, njoo hospitali, usingoje. Mawazo hayo ya kufa mwambie mtu leo leo, kabla hujaanza safari.

Kama si hayo, keti na kitabu chako. Macho yakiwa mazito, usijilazimishe kumaliza sura. Tia jani kati ya kurasa, zima taa, urudi kitandani polepole, usiwaamshe watoto.