Kumchagua Daktari wa Uzazi (3): Akina Mama wa Vienna Walijua

Tarehe 5 Mei ni Siku ya Wakunga Duniani. Tarehe hiyohiyo Shirika la Afya Duniani huhimiza watoa huduma wanawe mikono. Magazeti huziandika siku hizo katika kurasa mbalimbali, kana kwamba hazina undugu. Undugu wao ni wa damu, nami nimeingoja muda mrefu nafasi ya kuueleza.

Mwaka 1846 Hospitali Kuu ya Vienna ilikuwa na wodi mbili za kujifungulia, zikipokea wajawazito kwa zamu. Moja ilifundisha madaktari, ya pili wakunga. Mwaka huo homa ya uzazi na maradhi mengine yaliua wazazi zaidi ya 11 katika kila 100 kwenye wodi ya madaktari. Kwa wakunga hawakufika 3. Akina mama maskini wa mji ule walilijua jambo hilo. Walipiga magoti wakilia wasilazwe kwa madaktari, na wapo waliojifungulia njiani. Mabingwa wakasema ni hewa mbaya, au ni woga wa wagonjwa wenyewe!

Ignaz Semmelweis, daktari kutoka Hungaria, hakuridhika. Machi 1847 rafiki yake Jakob Kolletschka alijeruhiwa kwa kisu wakati wa kupasua maiti, akafa. Mwili wake ulionyesha madhara yaleyale yaliyoonekana kwa wazazi waliokufa. Semmelweis akang'amua: madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaenda kuwapima wajawazito, uchafu ukiwa mikononi. Wakunga hawakupasua maiti. Katikati ya Mei akaamuru kila mtu anawe kwa maji ya klorini. Aprili walikufa wazazi 18 katika kila 100. Juni, kama 2 tu.

Wakubwa wengi wa fani wakampinga. Kuambiwa kwamba mkono wa msomi unaua kuliwauma kuliko vifo vyenyewe. Alifia katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1865. Kiburi cha elimu ni ugonjwa, na hakijaisha.

Kwa hiyo, dada unayemtafuta bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, ukishahakikisha amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, mtazame kabla hajakugusa: amenawa? Msikilize anavyosema na wakunga, maana anayewadharau hatasikia wakimwita usiku. Muulize kwa nini anashauri upasuaji. Akikasirika, tafuta mwingine kama unaweza. Mama mkwe na mume wanaokusindikiza wasikunyamazishe.

Uliza pia nani hushika zamu yeye asipokuwepo, na kama hospitali ina akiba ya damu. Maswali hayo yaulizwe kliniki, mapema, kwa sababu kutokwa na damu baada ya kujifungua kunaweza kumuua mama ndani ya saa chache, ndugu wakiwa bado njiani kuja kuchangia.