Anayejenga kompyuta aanze na umeme

Wahenga walituachia usemi kwamba mchagua jembe si mkulima. Usemi huo ni wa haki shambani, ambako udongo hulimika kwa jembe lolote lenye makali. Lakini ipo kazi moja iliyoingia majumbani mwetu Unguja na Pemba ambayo usemi huo hauifai hata kidogo, nayo ni kazi ya kijana kukusanya vipande na kujijengea mwenyewe kompyuta ya michezo. Katika kazi hii mchaguzi ndiye mkulima. Akichagua vibaya hatavuna kitu, hata awe hodari wa bisibisi kiasi gani.

Tunajua wapo wazee watakaouliza kwa nini ukurasa huu utoe nafasi kwa habari za mchezo. Jawabu letu ni fupi. Mashine hii ni fedha nyingi. Aghalabu ni akiba ya mwaka mzima, au ni fedha iliyotumwa na ndugu aliye ng'ambo. Na mashine yenye nguvu ya kuendesha mchezo mzito ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuchora ramani ya nyumba, kuhariri filamu ya harusi na kumfundisha kijana kuandika programu. Kijana aliyeijenga kwa mikono yake na kuijua kila sehemu ni fundi tuliyempata bila ya kumsomesha kwa gharama. Kijana aliyebahatisha, mashine ikamfia mwezi wa pili, amepata hasara yeye na nyumba yake, na jaani pameongezeka taka isiyooza.

Uwezo huu wa mtu wa kawaida kujijengea kompyuta una historia yake. Mwezi wa Agosti 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta binafsi iliyoundwa kwa vipande vingi vya viwanda vya watu wengine, na ikaeleza hadharani namna vipande hivyo vinavyoungana. Viwanda vyengine vikafuata mkondo. Mwaka 1995 Intel ikatoa kipimo kiitwacho ATX, kinachoeleza mazabodi, yaani ule ubao mkuu unaobeba vipande vyote, iwe na matundu ya skrubu wapi na ipokee umeme kwa plagi gani. Ndiyo sababu hadi leo kasha la kiwanda kimoja hupokea mazabodi ya kiwanda chengine.

Hata hivyo, kuungana kwa umbo si kuungana kwa kila kitu. Prosesa, ambayo ndiyo akili ya mashine, haikai ila katika tundu lake. Prosesa za AMD za tundu la AM5, zilizotoka mwaka 2022, hutumia ramu ya aina ya DDR5 peke yake. Zile za Intel za tundu la LGA1700, zilizoanza mwaka 2021, huweza kutumia DDR4 au DDR5, lakini mazabodi yenyewe hukubali moja tu kati ya hizo mbili. Ramu ya DDR4 haiingii katika nafasi ya DDR5, kwani pengo la katikati halikai mahali pamoja. Mwenye kununua ramu kwa kuwa ni rahisi, kabla ya kujua mazabodi yake, amenunua ufunguo kabla ya kuona kitasa. Na tangu bei za ramu zilipopanda duniani mwishoni mwa mwaka 2025, kosa hilo limekuwa ghali zaidi.

Basi mtu aanze wapi? Aanze na haja yake. Ajiulize atacheza nini, na juu ya kioo gani. Kioo cha nukta 1920 kwa 1080, na mchezo wa mpira wa miguu, havihitaji kadi kubwa ya picha. Kadi ya GeForce RTX 4060, iliyotoka mwaka 2023, hula wati 115. RTX 4090, iliyotoka mwaka 2022, hula hadi wati 450. Baina ya hizo mbili pana tofauti ya fedha, ya joto na ya bili ya umeme. Anayenunua ya pili ili acheze mchezo wa kwanza amenunua jahazi la kuvukia mtaro.

Akishajua haja, achague kadi ya picha, kisha prosesa inayolingana nayo, kisha mazabodi na ramu. Ramu iwe vipande viwili vinavyofanana, kwani viwili hufanya kazi sambamba, na kimoja cha ukubwa ule ule huwa kizito katika michezo mingi. Haya vijana wengi wanayajua. Wasilolijua, au wanalolijua na kulipuuza, ni lile linalotufanya tuandike leo.

Katika kila mashine kuna kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vipande vyengine. Mafundi hukiita pawasaplai. Hakiongezi kasi ya mchezo wala hakina taa za kupendeza, na kikishafungwa ndani ya kasha hakionekani tena. Kwa hiyo ndicho kinachonunuliwa mwisho, kwa chenji iliyobaki. Hapo ndipo rahisi huvunja upishi. Kipande chengine kikiharibika huharibika peke yake. Pawasaplai mbovu huweza kufa pamoja na mazabodi, kadi na diski.

Na sisi wakaazi wa visiwa hatuna udhuru wa kuusahau umeme. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani kiasi cha mwezi mmoja, tokea Mei hadi Juni, baada ya hitilafu katika njia inayoleta umeme kutoka Bara. Disemba 2009 giza likarudi, na halikuondoka hadi Machi 2010. Pemba ilipata waya wake wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, na Unguja ikapata waya mpya wa megawati 100 mwaka 2013. Hali ikatengenea. Lakini umeme unaokatika ghafla na kurudi kwa kishindo haujawa hadithi ya kale, na chumvi ya bahari pamoja na unyevu wa masika havijaacha kula madini ya nyaya na plagi zetu.

Tuonyeshe hesabu. Prosesa ya Ryzen 5 7600 imeandikwa wati 65, lakini ikikazwa hufika 88. Kadi tuliyoitaja ni wati 115. Mazabodi, ramu, diski na feni tuzipe wati 60. Jumla ni wati 263. Pawasaplai ya kweli ya wati 550 itabeba mzigo huo bila ya kuhema. Neno "ya kweli" tumelikusudia. Mnunuzi asisome namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Asome kibandiko, safu ya volti 12, kwani huko ndiko prosesa na kadi zinakokula. Azidishe ampea kwa 12. Ikiwa ubavuni pameandikwa wati 600 na safu hiyo ina ampea 25, jawabu ni wati 300. Muuzaji hakutamka uongo, ila amenyamaza kuhusu ukweli.

Alama ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004, ni msaada, lakini ijulikane inasema nini. Hueleza kwamba sehemu kubwa ya umeme unaoingia hutoka upande wa pili bila ya kupotea kuwa joto. Haielezi kama kisanduku kina kinga ya umeme kupanda, ya mzigo kuzidi au ya nyaya kugusana. Kinga hizo ziulizwe mbali, na muda wa dhamana uulizwe pia.

Kadhalika, nyaya za pawasaplai moja zisitumiwe kwa nyengine, ingawa plagi zinafanana. Upande wa kisandukuni viwanda havikupatana, na waya mgeni huweza kupeleka volti 12 mahali pa volti 5, diski ikafa papo hapo. Wala kisanduku chenyewe kisifunguliwe: ndani yake umeme wa kuua hubaki hata baada ya plagi kuchomolewa. Na mwenye kugusa kasha la chuma akahisi kuwashwa vidoleni ajue kwamba huenda nyumba yake haina waya wa ardhi, au umekatika. Amwite fundi umeme kabla ya kuendelea na mchezo.

Kuhusu vitu vya mtumba hatuwakatazi vijana, maana wengi hawana njia nyengine. Baada ya Septemba 2022, uchimbaji wa sarafu ya Ethereum kwa kadi za picha ulipokwisha, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Zimewahi pia kuonekana kadi kongwe zilizobadilishwa maandishi ya ndani ili zijitangaze kuwa ni mpya. Kwa hiyo kadi ya mtumba inunuliwe ikiwa inafanya kazi mbele ya macho, mchezo ukichezwa nusu saa nzima. Na kompyuta kuukuu za ofisini mara nyingi huwa na plagi za umeme zisizofuata kipimo cha ATX. Mwenye kutaka kuibadili mashine kama hiyo aifungue na kuitazama kwanza.

Sasa tuje kwenye siku ambayo mashine imeshaungwa, swichi imebonyezwa, na jambo lililotarajiwa halikutokea. Hapa ndipo anapotambulikana fundi na mbabaishaji. Mbabaishaji hubadili vitu vitatu kwa pamoja. Mashine ikiwaka hajui kilichoiponya, na isipowaka hajui alichokiongezea ugonjwa. Fundi hubadili kimoja, akajaribu, akaandika katika daftari, ndipo akaendelea.

Ikiwa mashine haiwaki kabisa, itazamwe swichi ya nyuma, plagi kubwa ya mazabodi, na ile plagi ndogo ya prosesa iliyo juu pembeni, ambayo husahauliwa na wengi. Ikiwa feni zinazunguka na kioo ni cheusi, waya wa kioo uwe umechomekwa katika kadi ya picha, si katika mazabodi. Ramu zitolewe na kurudishwa mpaka zilie. Na kwa mashine za DDR5 subira ni dawa: mara ya kwanza huweza kuchukua dakika kadhaa zikijipima ramu, na wapo waliozizima wakidhani zimekufa. Mazabodi nyingi zina vitaa vidogo vinavyoonyesha kama kikwazo ni prosesa, ramu, kadi au diski. Visomwe kabla ya kukisia.

Ikiwa inawaka kisha inazimika katikati ya mchezo, watuhumiwa ni wawili, joto na umeme. Wapo waliofunga chuma cha kupozea prosesa bila ya kubandua karatasi ya plastiki chini yake. Joto likiwa la kawaida, tunarudi kwenye kile kisanduku tulichokizungumza. Na ikiwa yote yameshindikana, kila kitu kitolewe juu ya kipande cha boksi kikavu: mazabodi, prosesa na kipozaji chake, ramu moja na umeme. Kikiwaka hicho, virudishwe vyengine kimoja kimoja hadi mkosa ajitokeze.

Wala dalili isichukuliwe kuwa ndiyo maradhi. Mwaka 2024 wenye prosesa za Intel Core za kizazi cha 13 na cha 14 katika nchi nyingi waliona michezo ikianguka, na kompyuta ikitoa taarifa kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha haitoshi. Wengi wakailaumu kadi. Uchunguzi ukaonyesha kwamba prosesa zenyewe zilikuwa zikiomba volti kubwa kupita kiasi na kuharibika polepole. Mwezi wa Agosti mwaka huo Intel ikaanza kutoa marekebisho ya programu ya ndani, ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Lakini prosesa iliyokwisha kuumia haikupona. Waliobadili kadi walitupa fedha zao kwa sababu ya kuamini maneno yaliyoandikwa kiooni.

Tunalo neno pia kwa ndugu zetu waliomo ofisini. Funzo hili si la vijana peke yao. Orodha ya ununuzi wa kompyuta za ofisi au skuli inayotaja prosesa na ukubwa wa diski, na kunyamaza kuhusu pawasaplai, betri ya dharura na waya wa ardhi, ni orodha ya kijana yule yule anayenunua umeme kwa chenji. Na mashine zilizochakaa, badala ya kurundikwa stoo, zipelekwe katika vituo vya mafunzo ya amali na klabu za skuli, zikafunguliwe na kuungwa upya na mikono inayojifunza. Gharama yake ni usafiri tu.

Kwa vijana tunamalizia hivi. Jengeni, na msione haya kuuliza. Lakini fedha ya kwanza itoke kwa kile kisichoonekana, na umeme unapokatika usiku, chomoeni plagi kabla haujarudi.